Kwenye kicheni pati yangu hakuna aliyetaja foliki

Kicheni pati yangu ilikuwa Temeke, mwaka 2016, ukumbi umejaa wamama wa sare ya kitenge cha njano na mi nimekaa mbele nimeinamisha kichwa kama nilivyoelekezwa, wakawa wanapita mmoja mmoja na chombo chake mkononi, huyu na sufuria, huyu na mwiko, huyu na hotpoti, kila mmoja anaeleza chombo chake kina kazi gani nyumbani na kina maana gani kwa mume. Kungwi alinifunda mpaka usiku. Nilifundwa kuamka, kulala, kuoga, kupokea wageni, kunyamaza, kila kitu. Na karibu kila mama aliyeshika maiki alimalizia na maneno yaleyale, tunasubiri mjukuu, mwaka usiishe hatujasikia kitu.

Ukumbi mzima wa wanawake waliozaa, wengine watoto sita saba, wengine ni manesi kabisa, na hakuna hata mmoja aliyesema mwanangu, kama unategemea kubeba mimba mwaka huu basi anza kumeza vidonge vya foliki, ile vitamini ya kumlinda mtoto, kesho asubuhi. Siwalaumu, na wao hawakuambiwa. Lakini hili jambo nimekaa nalo miaka, na leo nataka kuliandika lote maana Jumamosi hii tunamfunda binti wa shangazi yangu na sitaki atoke pale kama nilivyotoka mimi.

Mimba yangu ya kwanza niliibeba miezi miwili tu baada ya ndoa. Mama yangu ni mtu wa Muheza na kwetu mimba changa haisemwi, unaficha mpaka tumbo lenyewe liseme, kwahiyo na mimi nikaficha, nikavaa madera mapana, nikawa natapika kimyakimya. Alafu mume alikuwa safarini na nilishasikia kliniki wanataka uende na mwenza, nikasema basi nimsubiri. Siku nimekanyaga kliniki kwa mara ya kwanza nilikuwa mwezi wa tano na mtoto ameshaanza kucheza.

Nesi alinitoboa kidole, akaangalia kimashine chake, akaandika kwenye kadi 8.4. Akaniambia mama damu yako ndogo sana. Mjamzito akiwa chini ya 11 tayari anahesabiwa ana upungufu wa damu, mi nilikuwa mbali huko chini na nilikuwa najiona mzima tu, uchovu nilidhani ndo ujauzito wenyewe ulivyo. Akanipa dawa ya minyoo, akanipa zile SP za malaria nikameza palepale mbele yake, akanipa na fefo za mwezi mzima kwenye kipakiti. Nikamuuliza hizi fefo zina nini ndani, akasema madini ya chuma na foliki asidi. Chuma nilishawahi kusikia. Nikauliza na hiyo foliki inafanya nini? Akasema inasaidia uti wa mgongo wa mtoto utengenezeke vizuri.

Nikamwambia, dada, lakini huyu mtoto ameshaanza kunipiga mateke.

Akaniangalia, akaangalia kadi, akasema taratibu, "Ndo maana tunawaambia muwahi."

Hiyo sentensi sijaisahau mpaka leo. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma na nilichokikuta kilinitisha. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unaanza kama kipande bapa, kinajikunja taratibu kama mtu anavyokunja mkeka, kingo mbili zinakutana zinashikana linakuwa bomba. Hilo bomba linatakiwa liwe limefunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Sasa piga hesabu na mimi hapa. Kama mzunguko wako ni wa siku 28, mimba inatunga kama siku ya 14, ongeza hizo 28 unafika siku ya 42, yaani wiki mbili tu tangu siku uliyotegemea kuona damu na hukuiona. Wiki mbili! Wengi wetu wakati huo bado tunasema labda ni stresi, labda ni kubadilisha hali ya hewa, hata kipimo cha mkojo hatujanunua, na uti wa mgongo wa mtoto umeshamaliza kufunga, au umeshashindwa.

Bomba lisipofunga chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Lisipofunga juu, fuvu na ubongo havikui inavyotakiwa na mtoto wa namna hiyo huwa haishi.

Wangu alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Lakini mwaka uleule jirani yetu, tunachota maji bomba moja, alijifungua mtoto wa kike mwenye mgongo wazi. Nilienda kumpa pole na pongezi pamoja, sikujua kipi kitangulie. Alikuwa amemkalisha mtoto begani, mkono mmoja umeshika shingo na mwingine umekinga chini, maana hawezi kumbeba mgongoni kama sisi wengine, khanga ingekaza ingegusa kile kifuko kilichotokeza mgongoni. Baadae alifanyiwa upasuaji pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, alafu kichwa kikaanza kujaa maji, akarudi tena wakamwekea mrija. Wanaosema "mgongo wazi na vichwa vikubwa" kama neno moja ni kwasababu hayo mawili mara nyingi yanakuja pamoja. Ukweni wakasema mwanamke amekanyaga kitu. Yeye mwenyewe kila ukikaa nae anauliza swali moja, nilikula nini? Au ni nini sikula?

Nataka niseme hili vizuri kwasababu kuna mama anasoma hapa na amebeba hilo swali. Haukuwa uchawi na haikuwa adhabu. Kuna watoto wanapata shida hii hata mama akiwa amemeza foliki, kuna mambo ya kurithi, kuna mama mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, kuna baadhi ya dawa za kifafa, hasa ile valproeti, na kama wewe unatumia dawa za kifafa usiziache mwenyewe, nenda kaongee na daktari kabla hujabeba mimba. Foliki haizuii zote, inapunguza. Ila inapunguza sana. Mwaka 1991 ulitoka utafiti mkubwa uliosimamiwa na Waingereza, ulihusisha nchi 7, wanawake ambao walishazaa mtoto mwenye shida hii walipewa foliki kabla ya kubeba mimba nyingine, na kwa waliopewa, kujirudia kwa tatizo kulipungua kwa asilimia 72. Ilibidi wausimamishe kabla ya muda wake kwasababu majibu yalishakuwa wazi.

Na hii foliki yenyewe iligundulika kupitia wajawazito. Daktari wa kike kutoka Uingereza, Lucy Wills, alienda Bombay mwaka 1928 kuchunguza kwanini wanawake wenye mimba, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wanaishiwa damu mpaka kufa. Akahangaika na vyakula vyao, mwisho akakuta kitu cha bei rahisi kabisa, Marmite, ile ya kupaka kwenye mkate inayotengenezwa na hamira, inawarudisha wale wanawake kwenye uhai. Ndani ya Marmite kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa na jina. Mwaka 1941 wanasayansi wa Marekani wakakitoa kwenye majani ya spinachi wakakiita foliki, kutokana na neno la Kilatini la jani. Jani tu. Mi niliposoma hapo nilifikiria bustani za mchicha za pale bondeni kwetu, nikasema kumbe tunaishi nayo mlangoni.

Tunaishi nayo lakini tunaimwaga. Mchicha wetu tunaukata kwanza alafu ndo tunauosha, tunauchemsha mpaka unabadilika rangi, tunaukamua maji yote, tunamwaga, alafu tunaukaanga tena. Foliki inaharibika kwa moto mkali na inayeyuka kwenye maji, kwahiyo yale maji ya kijani uliyomwaga kwenye karo ndo yalikuwa nayo. Siku hizi naosha kwanza, nakata, naweka kwenye sufuria yenye kitunguu na nyanya, nafunika dakika chache, natoa ukiwa bado una rangi yake. Kisamvu hicho siwezi kukuambia upike haraka, kisamvu lazima kitwangwe na kichemke sana maana kina sumu yake, kwahiyo kile kwa ladha na nazi ni chakula kizuri, ila kwa foliki usikitegemee peke yake. Maharage, kunde, choroko, karanga, parachichi, machungwa, vyote vinayo. Unga wa ngano wa viwandani pia, tangu kanuni za mwaka 2011 unatakiwa uwe umeongezwa foliki na chuma, lakini sembe unayosaga kwenye mashine ya mtaani haijaongezwa kitu na sisi wengi ndo tunakula hiyo. Kwahiyo hata ukila vizuri, kidonge unakihitaji, mikrogramu 400 kwa siku, na kianze kabla ya mimba, sio siku nesi anakuandikia kadi.

Sasa nirudi kwenye ile 8.4 yangu.

Nilimeza fefo mwezi mzima bila kukosa hata siku. Nikarudi, nikapimwa, 8.6. Nilikaribia kulia. Siku hiyo nilimkuta nesi mwingine, mama mtu mzima, hakunifokea, alivuta tu kiti akauliza unameza saa ngapi? Nikasema asubuhi. Unameza na nini? Na chai. Chai gani? Chai ya rangi, tena mi chai yangu lazima iive iwe nyekundu. Akatikisa kichwa akasema mwanangu unaitafuta damu kwa mkono huu unaimwaga kwa mkono huu.

Majani ya chai yana kitu kinashikana na chuma tumboni na mwili unashindwa kukichukua, na chai ya maziwa nayo hivohivo, kahawa pia. Mi nilikuwa nakunywa chai asubuhi na kidonge, nakunywa tena saa kumi juu ya maharage ya mchana, yaani chuma kilikuwa kinaingia na kutoka. Akaniambia chai sikukatazi, kaa nayo mbali na chakula, saa moja au mawili hivi, na fefo meza usiku ukienda kulala na kitu cha uchachu. Nikawa namezea juisi ya chungwa, chungwa likiisha msimu naloweka ukwaju. Vitamini C inasaidia chuma kuingia. Na kumeza usiku kulinisaidia kitu kingine, kile kichefuchefu kilikuwa kinanikuta nimeshalala.

Choo kitakuwa cheusi. Naandika hivi wazi kwasababu hakuna aliyeniambia na niliogopa nikadhani natoka damu tumboni. Ni chuma tu, ni kawaida. Kufunga choo pia kupo, kunywa maji, kula papai. Najua wanawake wanaochukua fefo kliniki wanaenda kuzifungia kwenye droo kwasababu ya hayo mambo mawili, na wakiulizwa wanasema nimemeza, na mi nawaelewa kabisa. Lakini siku ya kujifungua kila mwanamke anapoteza damu, mwenye damu ya kutosha atachoka, mwenye 7 akipoteza kiasi kilekile anaweza asiamke. Na mtoto nae miezi ya mwishomwisho anachota chuma kwa mama anaweka akiba yake ya miezi sita ya mwanzo, ambayo maziwa hayampi chuma kingi. Ule utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu yetu, kwahiyo tunaingia kwenye mimba tayari tanki liko nusu.

Watu walinishauri mengi wakati ule. Majani ya matembele yachemshwe yachanganywe na soda nyekundu, na mi nilikunywa. Matembele ni mboga nzuri, kula, lakini rangi nyekundu ya soda sio damu na sukari yake utaipata tu bure. Chuma kinachoingia mwilini kirahisi ni cha nyama, samaki, dagaa, na ukila nyama kidogo pamoja na maharage inasaidia hata kile cha maharage kiingie.

Na nilikula pemba. Kwa wasiojua, sio kisiwa, ni ule udongo wanauza sokoni vipande vipande, umekaushwa mpaka ukiugonga unalia. Nilikuwa natembea nao kwenye pochi umefungwa kwenye leso, navunja kipande kidogo naweka ulimini, kinanyonya mate yote, kinayeyuka taratibu na ile harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kuna siku nilitoka nyumbani saa mbili usiku kuutafuta, mtu ambaye gizani siendi hata dukani. Ile hamu ya udongo mara nyingi inaendana na upungufu wa damu wenyewe, na udongo nao unazuia chuma kisiingie, na unaweza kuja na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi, sasa unaona mzunguko ulivyo. Sikuweza kuacha kwa kuambiwa acha. Niliacha damu ilipopanda. Kama wiki ya tano hivi ya kumeza fefo vizuri ile hamu ikaisha yenyewe, siku moja nikakuta leso kwenye pochi na kipande kimo, nimekisahau. Nilijifungua na 10.6.

Mama yangu aliposikia damu ndogo alikuja na maini. Maini kila siku, asubuhi na jioni. Yana chuma na foliki kweli, lakini yana vitamini A nyingi mno, na vitamini A ya wanyama ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Uingereza wanawaambia wajawazito wasile kabisa, kwangu daktari aliniambia kidogo mara moja kwa wiki inatosha. Nikamwambia mama, akanuna, alafu akaanza kuleta dagaa. Karoti, maembe, mchicha, mawese havina shida hiyo, mwili unatengeneza vitamini A kwa kadri unavyohitaji. Na hapohapo, wale mnaomeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, hivyo na mimba havikai pamoja kabisa, acheni kwanza na muongee na daktari.

Chumvi tumia yenye madini joto maana ubongo wa mtoto unayahitaji, chumvi ya mawe ya kupimiwa kwenye kopo mara nyingi haina. Kalsiamu ipo kwenye maziwa na kwenye dagaa ukila na mifupa yake, na kwa wanaopata kidogo inasaidia kupunguza hatari ya kifafa cha mimba, ila vidonge vya kalsiamu usivimeze wakati mmoja na fefo, vinagombana.

Na lile la kula kwa watu wawili tuliangalie upya. Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji chakula cha ziada, ya katikati ni kama ndizi mbili na glasi ya maziwa juu ya ulivyokuwa unakula, ya mwisho ongeza karanga za kiganjani. Ndo hivyo tu. Wakati kuna wenzetu hawaruhusiwi hata hicho, shangazi wa mume wangu, kwao ni Singida, alinikataza mayai kwamba mtoto atazaliwa hana nywele. Sikubishana nae, ni mtu mzima na ananipenda. Nilikula mayai yangu jikoni, na mtoto nywele alizaliwa nazo mpaka kwenye mabega.

Mimba ya pili niliipanga. Mwaka 2020 nilienda kutoa kijiti cha uzazi wa mpango, na pale kitandani wakati dada ananifunga bandeji nikamuuliza kuhusu foliki, akashangaa kidogo, akasema wengi wanakuja kutoa na hakuna anayeuliza. Nikawaza, mwanamke anayetoa kijiti anakuambia kabisa kwamba anataka mtoto, hiyo ndo siku ya kumkabidhi vidonge, maana mara nyingine utakayomuona ni mwezi wa tano na kadi mkononi. Nilianza usiku uleule. Mimba iliingia baada ya miezi minne, nilifika kliniki kabla ya wiki 12, mama Muheza akasema unatangaza mapema, kidole kikatobolewa, 11.8.

Jambo moja kwa mnaoenda kununua wenyewe. Famasi nyingi ukisema foliki wanakupa ya miligramu 5. Hiyo ni dozi kubwa, inafaa kwa mfano kwa mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi na daktari amemuandikia. Kwa wengine ni ya miligramu 0.4, na ile ya 5 ikikutana na SP za kliniki inazipunguzia nguvu kwenye malaria. Mwambie wa dukani akuonyeshe boksi, soma namba mwenyewe.

Binti wa shangazi ameshanitumia orodha ya vyombo, mi nimechukua hotpoti. Nikipewa maiki sitasema maneno ya mjukuu. Nitafungua hotpoti mbele ya wamama wote, nimtolee foliki za miezi mitatu nilizozifunga kwenye leso, nimwambie mdogo wangu hizi unameza moja kila siku, unaanza leo, mume wako nae ajue ziko wapi.